“Si ungeuliza watu wako?”: jibu kwa supavaiza wa zamu ya usiku

*“Nafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate hapa Nakuru. Nilianza kwa kupakia, huu ni mwaka wa sita, na tangu Februari nimekuwa supavaiza wa zamu ya usiku. Nina watu 13. Wawili kati yao tulianza pamoja na hao ndio mikono yangu: nikiwaambia jambo moja wanafanya mawili. Ni watu wa kwetu pia, na usiku huwa tunaongea lugha yetu, lakini hilo silioni kama neno. Waliobaki ni wa kusukuma. Wanafanya walichoambiwa, saa ikifika wanavua aproni. Mikate inayoharibika imeongezeka na meneja ananiuliza kila Jumatatu. Nilijaribu ukali, nikawakata watatu ovataimu ya wiki nzima, mambo yakazidi kuwa mabaya. Wiki iliyopita jamaa wa mashine ya kukanda aliona hamira iliyopimwa ni kidogo, akanyamaza, bechi nzima ikakataa kuumuka. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, akanijibu, ‘Si ungeuliza watu wako?’ Niongeze ukali, niombe wabadilishwe, au nirudi tu kupakia?”*

Pole kwa hizo Jumatatu, ndugu yangu. Kudaiwa hesabu ya mikate iliyoharibikia mikononi mwa wengine si kazi nyepesi, hasa ukiwa umetoka zamu na macho yamejaa usingizi. Ila swali lako limekuja na jibu ndani yake, na aliyelitoa ni yule jamaa wa mashine ya kukanda. Maneno yake ni manne tu, na nitakaa nayo muda mrefu kuliko nitakavyokaa na maswali yako matatu.

Kwanza unavyoliona tatizo. Unasema wawili ni wazuri na 11 ni wa kusukuma, kana kwamba kila mmoja alitoka nyumbani na tabia yake kwenye mfuko pamoja na aproni. Wavivu wapo, sikatai. Nimezunguka viwandani kama mshauri kutoka Nakuru hadi Kisumu na nimekutana nao. Lakini 11 kati ya 13 ni wengi mno. Watu 11 wakifanana hivyo kwa wakati mmoja, tunatafuta walicho nacho kwa pamoja, na hapa walicho nacho kwa pamoja ni wewe. Usinune bado; sijasema una roho mbaya. Ninachoeleza kinawapata wasimamizi karibu wote, na wanaoteuliwa kutoka miongoni mwa wenzao kinawapata upesi zaidi.

Zamani wataalamu walidhani kiongozi ana mtindo mmoja, mkali au mpole, na kwamba wote walio chini yake wanaupokea mtindo huo huo. Mwaka 1975 Wamarekani watatu, Fred Dansereau, George Graen na William Haga, walilipinga wazo hilo. Walimtazama kila mfanyakazi peke yake na mkubwa wake, badala ya kutazama idara nzima kwa jumla. Kilichoonekana ni kwamba watu wa ofisi moja, wenye bosi mmoja, walimweleza bosi huyo kana kwamba ni watu wawili tofauti. Kwa wengine alikuwa mtu wa kusikiliza na kuamini. Kwa wengine alikuwa sauti ya amri na karatasi ya mahudhurio. Kulikuwa na walio ndani na walio nje. Kwa hiyo wewe huna uhusiano na “zamu ya usiku”. Una mahusiano 13, na kila moja linazaa kazi ya aina yake.

Linazaaje? Hapa ndipo penye utamu wa jambo, na ndipo wengi wanapopita haraka. Mtu aliye karibu nawe anapata vitu ambavyo havimo kwenye orodha ya mishahara. Cha kwanza ni habari. Wale wawili wanajua kwamba unga wa wiki hii ni wa msagaji mwingine na unakunywa maji zaidi, kwamba meneja amekasirika, kwamba gari la kupeleka mikate Molo litatangulia leo. Wanajua kwa sababu mnaongea mkitembea kuelekea stejini. Wengine wanapata amri bila sababu: “Ongeza maji.” Mtu anayejua sababu anaweza kuamua mwenyewe saa tisa usiku ukiwa upande wa oveni. Asiyejua hana la kuamua, anangoja. Nawe ukimwona anangoja unasema moyoni, huyu ni wa kusukumwa.

Cha pili ni kazi yenyewe. Kukitokea jambo gumu unamwita nani? Unawaita wawili wako, na ni haki yako, maana mikate lazima itoke kabla ya magari kuondoka alfajiri. Lakini kila unapowaita wanajifunza kidogo, na wengine wanabaki walipokuwa Februari. Baada ya miezi kadhaa wale wawili ni hodari zaidi kwelikweli. Macho yako hayakudanganyi. Yanakuficha tu kwamba ulishiriki kuujenga uhodari huo upande mmoja.

Cha tatu ni msamaha, nacho ndicho kinachouma wengine zaidi. Mmoja wa wawili wako akichelewa, unajua mtoto wake ni mgonjwa au matatu ilikwama Njoro. Mwingine akichelewa ni mzembe. Kosa moja, hukumu mbili. Jaribu kukumbuka wale watatu uliowakata ovataimu, halafu ujiulize kama mmoja wa wawili wako angekatwa kwa kosa hilo hilo. Swali hili usinijibu mimi.

Sasa turudi kwenye hamira. Hukutaja nani aliyeipima usiku ule. Sikuwepo, ila nitashangaa kidogo kama hakuwa mmoja wa wale wawili. Kama alikuwa yeye, jaribu kusimama mahali pa yule jamaa wa mashine. Ameona kosa la mtu wa karibu nawe. Akisema na ikawa kweli, ameaibisha rafiki yako mbele yako. Akisema na ikawa amekosea, kesho ndiye atakayepelekwa kuosha trei. Akinyamaza, hapati chochote na hapotezi chochote. Hata kama aliyepima ni mtu mwingine, alikuwa na hesabu nyingine ya kupiga: neno langu huwa linapokewaje hapa? Mtu hupata jibu la swali hilo miezi mingi kabla ya usiku wa kulitumia.

Hili la kunyamaza limechunguzwa sana hospitalini, ambako gharama yake si mikate. Amy Edmondson, Mmarekani aliyetafiti makosa ya dawa wodini, alichapisha mwaka 1996 jambo lililomshangaza hata yeye. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Alichokuta ni kwamba ndizo zilizoonyesha makosa mengi zaidi. Alipochimba akaona kwamba hazikuwa zinakosea zaidi, zilikuwa zinasema. Kwenye timu nyingine makosa yalizikwa. Kwa hiyo nikuonye mapema: ukianza kurekebisha mambo, idadi ya makosa unayoambiwa itapanda kabla mikate iliyoharibika haijapungua. Mweleze meneja wako hivyo kabla ya Jumatatu ya kwanza, usije ukaonekana umebomoa.

Ukali nao unatakiwa kupewa haki yake. Unafanya kazi, lakini kwa vitu vinavyoonekana ukiwa umesimama pale: mtu kuvaa kofia ya nywele, kufika saa moja jioni, kutolala juu ya magunia. Kwa hayo kanuni iwe moja na isimamiwe bila kuchoka. Ukali unashindwa kwa vitu ambavyo mtu anakupa kwa hiari yake: kuonja, kunusa, kushuku, kusema “supa, hii bechi siielewi.” Kiwanda cha mikate kinaishi kwa vitu hivyo, na wewe huwezi kuwa kwenye mashine ya kukanda, kwenye oveni na kwenye kisu cha kukatia kwa wakati mmoja. Ulipokata ovataimu ulipata utii zaidi, na ukapoteza kile kidogo cha hiari kilichokuwa kimebaki. Ndiyo maana mambo yakazidi.

Kuhusu ovataimu hiyo, nisilipite. Kama ni saa walizokwisha kuzifanya kazi, zirudishwe kwenye malipo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 19, inaorodhesha makato yanayoruhusiwa kwenye mshahara, na hasira ya supavaiza haimo. Kama uliwanyima tu nafasi ya kufanya saa za ziada, hilo ni jambo jingine kisheria, lakini wao wamelisikia vilevile.

Kuomba wabadilishwe kunavutia, nami nakuelewa. Tatizo ni kwamba utapokea wapya ukiwa na jicho lile lile. Robert Liden na wenzake walifuatilia wafanyakazi wapya na wakubwa wao, na mwaka 1993 wakaeleza kwamba matarajio ambayo kila upande ulikuwa nayo juu ya mwenzake katika siku 5 za kwanza yalitabiri uhusiano wao ungekuwaje baada ya wiki 2, na hata baada ya wiki 6. Siku 5! Hata kazi yenyewe hujaiona vizuri. Na matarajio hayakai kichwani tu. Katika jeshi la Israeli, Dov Eden na Abraham Shani waliwaambia wakufunzi kwamba baadhi ya wanafunzi wao 105 wana uwezo mkubwa wa uongozi. Majina hayo yalikuwa yamechaguliwa kwa bahati nasibu. Mwishoni mwa kozi, waliotajwa vizuri ndio waliofanya vizuri zaidi. Hilo lilichapishwa 1982, na wanafunzi hawakuwa na siri yoyote iliyowasaidia isipokuwa jinsi walivyotazamwa na kufundishwa.

Sasa lile ulilosema hulioni kama neno. Mimi naliona. Uko Nakuru, mji wa watu kutoka kila upande wa nchi, na wengi wa zamu yako wanazikumbuka ghasia za baada ya uchaguzi, mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Supavaiza na watu wawili wakiongea lugha yao usiku, karibu na mizani ya unga, huku wengine 11 hawaelewi, hakuna atakayedhani mnajadili mpira. Mtadhaniwa mnagawana kitu. Sijasema unapendelea kabila lako. Utafiti ule wa Liden wenyewe haukuona kwamba kufanana kwa umri, jinsia na mengine ya namna hiyo ndiko kunakojenga uhusiano. Kilichokuwa na uzito ni watu kuhisi kwamba wanafanana na kupendana. Lakini hisia hiyo ya kufanana inaponunuliwa kwa lugha ambayo wengine hawana, 11 wamefungiwa mlango bila wewe kugusa komeo. Kuanzia unapoingia chumba cha unga hadi unapotoka, Kiswahili. Hata kwa mzaha. Nyumbani na barabarani ongeeni mtakavyo.

Usije ukanisoma vibaya ukaenda kuwatupa wale wawili. Nimeona supavaiza mmoja kwenye kiwanda cha samaki kule Kisumu akifanya hivyo. Aliambiwa ana upendeleo, basi kuanzia siku ya pili akawanunia marafiki zake ili aonekane wa haki. Baada ya mwezi akawa na ukumbi mzima wa watu wa kusukuma, maana hata wale waliokuwa wanambebea minofu ya mbuta kwa moyo waliacha. Haki haiko katika kuwapa wote kidogo kidogo sawa. Mtu wa oveni mwenye miaka 10 na kibarua wa wiki ya pili hawawezi kupewa imani sawa. Haki iko katika mlango: kila mmoja ajue kwamba akitaka kuingia, anaweza, na ajue anaingiaje.

Mlango unaufunguaje? Mmoja mmoja. Mkutano wa watu wote uuache kwanza, kwa sababu kwenye mkutano atasema yule anayesema siku zote. Terri Scandura na Graen walichapisha mwaka 1984 jaribio kwenye ofisi kubwa ya serikali nchini Marekani: wasimamizi walifunzwa kukaa na kila mfanyakazi peke yake, kusikiliza kuhusu kazi yake, na kumwahidi uhusiano bora. Walioongeza uzalishaji zaidi walikuwa wale ambao mwanzoni walikuwa mbali na msimamizi. Walio ndani tayari walikuwa na chao. Wa nje ndio waliokuwa na cha kuongeza. Wewe una 11 wa namna hiyo, na ukiniuliza mimi, hiyo ni akiba ambayo hujaigusa.

Anza na jamaa wa mashine ya kukanda. Ni lazima awe yeye, kwa sababu wengine wote wanangoja waone utamfanya nini kwa lile jibu lake. Mfuate kwenye chai ya saa saba usiku, ukiwa na kikombe chako, usimwite ofisini. Mwambie kitu kama, “Lile jibu lako liliniuma, halafu nikaona ulikuwa na haki. Uliona hamira ni kidogo. Ulijuaje?” Kisha nyamaza. Swali la “ulijuaje” ni bora kuliko “kwa nini hukusema”, kwa sababu la kwanza linamfanya fundi na la pili linamfanya mshtakiwa. Pengine atakuambia donge lilikuwa zito, au harufu haikuwa ile. Hapo umepata mtu anayejua hamira, naye ulikuwa unamsukuma. Usiku unaofuata mkabidhi jambo lenye uzito: yeye ndiye anayeidhinisha kipimo kabla mashine haijawashwa, bila kujali aliyepima ni nani. Akisimamisha bechi ya rafiki yako, simama upande wa mizani.

Halafu endelea na wengine, wawili kwa wiki, dakika 20 hivi. Waulize nini kinawakwamisha na nini wangependa kujifunza. Usiahidi usichoweza. Ila chochote utakachosema utakifuatilia, mrudishie jibu kabla ya wiki kwisha, hata kama jibu ni hapana. Ukishindwa hapa ni afadhali usingeanza, maana mtu aliyefunguka mara moja na kupuuzwa hafunguki mara ya pili.

Usidhani pia kwamba utajua mambo yanaendaje kwa kujiuliza mwenyewe. Charlotte Gerstner na David Day walikusanya tafiti nyingi mwaka 1997 na kuona kwamba kiongozi na anayeongozwa, wakiulizwa juu ya uhusiano wao ule ule, wanakubaliana kidogo tu. Bosi anaweza kudhani mambo ni shwari, kumbe sivyo. Kipimo chako kiwe daftari: kila usiku andika nani amekuletea habari bila kuulizwa. Mwezi wa kwanza utaona majina mawili. Unatafuta la tatu.

Si wote watakaokuja. Pengine wawili au watatu watabaki kama walivyo, wanafanya saa zao na kwenda, na kama kazi yao imekamilika waache kwa amani. Si kila mtu anataka kuwa ndani. Na kuna ambalo wema wako hauwezi kulitibu. Kama baadhi ya hao 11 ni vibarua wa kulipwa kwa siku wanaorudi kila usiku miezi nenda miezi rudi, hiari unayoitaka kwao hawana mahali pa kuitolea. Kifungu cha 37 cha sheria ile ile kinampa kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima au zaidi haki ya kutazamwa kama mwajiriwa wa mkataba. Hilo si lako kuamua, lakini ni lako kulipeleka kwa meneja.

Mambo mengine usiyabebe peke yako. Ukiona wizi wa unga, mtu kuharibu mashine makusudi, matusi ya kikabila, vitisho, au msichana wa zamu anayesumbuliwa, huo si uhusiano wa kujengwa kwenye chai. Peleka kwa maandishi kwa anayehusika na wafanyakazi siku hiyo hiyo. Na ikifika mahali meneja anataka mtu aachishwe kwa uzembe, usimfukuze kwa mdomo getini. Kifungu cha 41 kinataka aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa na asikilizwe, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua. Mkiwa na shaka, nendeni mkaonane na afisa wa kazi kwenye ofisi ya kazi hapo Nakuru. Ni bora kumtembelea kabla ya kosa kuliko kukutana naye baada ya malalamiko. Na wewe mwenyewe, kama mchana hulali hata zamu ikiisha na unawafokea watoto, muone daktari. Kazi ya usiku inakula mwili, na mtu asiyelala anaona uvivu kila mahali.

Limebaki swali lako la kurudi kupakia. Sitakucheka. Kuna mafundi wazuri waliopewa usimamizi kama zawadi, ukawakaba kama kola ya shati dogo, nao wakirudi kwenye kazi yao hakuna aibu. Lakini kurudi sasa ni kuwaachia wengine bechi uliyoikanda wewe. Jipe miezi mitatu ya kufanya haya. Ikifika mwisho na bado kila ukiingia zamu tumbo linakukaza, muombe meneja akurudishe, na kabla hujavua koti la supavaiza akuandikie mshahara wako utakuwa ngapi.